Kamba Waliofika Nairobi Wakiwa Hai

Mwanangu Tima,

Salamu tumepeana tangu asubuhi, na dua nimekuombea ukiwa mbele yangu, kwa hiyo hizo naziruka. Umekwenda Muthangari kuwaaga wenzako, baba yako yuko msikitini, na nyumba imenyamaza hivi kwamba naisikia friji ikinguruma. Nimekaa kwenye meza ya kulia, nalitazama begi lako pale mlangoni. Nikisubiri urudi ndipo niseme ninayotaka kusema, nitalia, nawe utanicheka. Afadhali niandike, uyasome ukiwa njiani.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Mama mkubwa wako Mwanakombo atakuambia hayo yote kabla hujatua begi, tena kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya hori, ule mkono wa bahari wa kwetu. Mimi nataka kukuambia habari za madema, mitego yetu ya kamba wa baharini. Unakwenda kuwa msimamizi wa madema ya wanawake wa Mtangani, kijijini kwetu pwani, wewe uliyezaliwa hapa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, na kuna mambo yalitokea kabla hujazaliwa, na mengine uliyaona kwa macho lakini hukujua yalivyokuwa moyoni mwangu.

Marehemu bibi yako alinipa dema langu la kwanza mwaka nilioanza kufunga Ramadhani nzima. Alilisuka mwenyewe kwa fito, kapu refu lenye mdomo mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Kamba akifuata chambo huingia bila taabu, lakini akitaka kutoka haoni njia. Nikalichukua kwa furaha, nikalitega palepale wanawake wote walipotega, karibu na njia, kwa sababu niliogopa kwenda mbali kwenye tope peke yangu. Halafu sikutulia. Kila nikihesabu mawimbi machache naliinua kuchungulia. Naliinua, nalirudisha, naliinua tena. Jioni wenzangu walirudi na vikapu vinavyorukaruka, mimi nikarudi na dema safi kama limefuliwa.

Nilipolalamika, bibi yako aliniuliza, "Wewe Riziki, ungeingia kulala katika nyumba ambayo paa lake linafunuliwa kila mara?"

Nilinuna siku nzima. Kesho yake nikapita wanawake wote, nikaenda hadi kwenye mizizi ya mikoko ambako maji hugeuka kwa upole, nikatega, nikaondoka. Niliondoka kwelikweli, nikaenda kuosha vyombo. Maji yalipokupwa nikarudi. Tima, lile dema lilikuwa zito hata nikadhani limenasa kwenye mti. Nilipolitoa lilitikisika mikononi mwangu kama kitu chenye moyo, kamba wakubwa wenye milia wanapiga mikia, maji yananirukia usoni. Nikapiga ukelele. Wanawake waliokuwa mbali walifikiri nimechomwa na taa, yule samaki mwenye mwiba. Walipoona wakapiga vigelegele, na bibi yako akavua kanga yake ya juu akanifunga mimi kiunoni. Tangu siku ile sikuitwa mtoto tena kwenye hori lile.

Ukaja ujana, na akaja baba yako. Alikuwa na duka lake la vitambaa mjini, akashuka pwani kwenye harusi ya jamaa, akaniona, mengine unayajua. Nilifika Nairobi nikijua kitu kimoja tu vizuri, kutega dema, na hapa hapakuwa na bahari ya kulitega. Baada ya wewe kuanza shule nikamwambia Mwanakombo anitumie kamba kwenye barafu, niwauzie watu. Siku ya kwanza niliingia hoteli moja mjini na ndoo yangu, nikamwambia kijana wa mlangoni, "Nauza kamba." Akaniangalia juu mpaka chini.

"Kamba ya kuanika nguo ama ya kufunga ng'ombe?"

Nikafungua ndoo. Akaruka nyuma. "Ai, mum! Si useme ni prawns!"

Nilicheka naye, lakini nilipofika nje nilijiona mdogo. Nikaanza kusema "prawns" kama wao, nikawa nauza kidogo kidogo, hapa mkahawa, pale nyumba ya mtu. Miaka ikapita hivyo. Nilikosea, mwanangu, na kosa lenyewe lilikuwa la raha: nilitosheka. Nilidhani Nairobi haiwezi kunipa zaidi ya kile kidogo ilichonipa, kwa hiyo sikuiomba zaidi.

Mpaka ile jioni Mwanakombo aliponipigia. Ulikuwa umerudi kutoka kazini Upper Hill, viatu mkononi, ukanikuta nimekaa sakafuni jikoni.

Alichoniambia dada yangu ni hiki. Wavuvi wa nyavu za matundu madogo walikuwa wamejaa horini. Wavu unakokota kila kitu, kamba wakubwa, wadogo, wenye mayai, mpaka majani, na wanafika ufukoni wamepondeka. Lakini mnunuzi wa ufukoni alikuwa anawachukua wote kwa bei moja, wa wavu waliopondeka na wa dema walio wazima. Basi nani ataketi kusuka dema? Wanawake walikuwa wameanza kuyavunja.

"Riziki," aliniambia, "leo nimepikia ugali dema la mama. Zile fito zilikuwa kavu, zimewaka vizuri."

Dada yangu halii hovyo. Hata siku hiyo hakulia.

Nilipokusimulia, hukunipa pole. Ulikaa chini na sketi yako ya ofisini, ukaniuliza, "Mama, hao wa dema wana tofauti gani na wale wengine?"

"Wako hai. Ukimtoa kwenye dema anarukaruka."

"Na hapa Nairobi wanafika wakiwa hai?"

"Wanafika kwenye barafu. Wamekufa kama wengine wote."

"Sasa mteja atajuaje ni wa dema?" Ukanitazama. "Si tuwalete hai?"

Hivyo tu, kama mtu anayesema tupikeni chai. Mimi niliyezaliwa kwenye hori lile sikuwahi kuwaza jambo hilo. Nataka ujue kwamba nilikuonea fahari dakika ileile, hata kabla hatujafanya lolote, ijapokuwa nilichokijibu kilikuwa, "Wewe Tima una wazimu."

Unakumbuka lile pipa. Mwanakombo alilijaza maji ya bahari, akatia kamba, akalifunga, likapanda basi. Alfajiri tukaenda kulipokea mjini kwenye ofisi ya mizigo. Karani alikuwa amejifunga leso puani.

"Mama," akauliza kwa adabu kabisa, "hii mzigo yako iko na maiti?"

Maji yalichemka njiani, pipa likayumba, wakafa wote. Tulilimwaga, tukanuka wiki nzima, na jirani yetu akabadilisha njia ya kupita. Nilisema basi, yametosha, niliona aibu kwa dada yangu, niliona aibu kwa baba yako aliyetoa gari la dukani. Nililia hapohapo mbele ya karani. Wewe ulikuwa unasugua pipa. Ukaniambia bila kugeuka, "Mama, pipa ndilo limeshindwa. Sisi bado."

Maneno hayo nimeyachukua yakawa yangu. Mimi nilikuwa nimezoea kwamba kitu kikivunjika mkononi mwangu, basi ni mkono wangu mbovu.

Usiku ule, huku nikijisugua harufu, nilikumbuka jambo. Wakati wa kipupwe, bibi yako alikuwa akiwatoa kamba kwenye dema alfajiri, baridi ingali ipo, anawafunika kwa majani mabichi kikapuni bila tone la maji, na tukifika nyumbani wapo wanapiga mateke. Kumbe hawakuhitaji pipa. Walihitaji ubaridi na unyevu, walale. Nilikuja mbio chumbani kwako na povu la sabuni masikioni.

Ukaenda kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road ukarudi na gunia la vumbi la mbao, ukalituma Mtangani. Kamba wakaja wamelazwa humo vizuri, wamekufa vizuri vilevile, wananuka vanishi. Mwanakombo alipopata habari alicheka mpaka akakohoa.

"Mnanitumia takataka za mbao kutoka Nairobi, na mimi hapa nimekaa juu ya makumbi ya nazi! Makumbi si ndiyo tunayoloweka kusokotea kamba? Basi yatunze na kamba!"

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Makumbi yaliyooshwa na maji ya bahari, yakachambuliwa laini, yakatandikwa kwenye sanduku pamoja na chupa za barafu zilizofungwa nguo ili zisiwaunguze. Sanduku la majaribio lilifika nusu wazima, nusu wamekufa. Baba yako alimshika mmoja, akapigwa mkia, akamtupa, akaruka juu ya kiti. Baba yako, mtu mzima, mwenye duka! Hapo nikajua tunakaribia.

Lakini nusu haikutosha. Wanawake wa Mtangani walikuwa wamekaa kikao. Walimwambia Mwanakombo watatega kwa ajili ya sanduku moja zaidi. Likifika limekufa, madema yaliyobaki yatavunjwa na kila mtu ataingia kwenye nyavu. Nawe ulikuwa umempata Kariuki, yule mpishi mkuu wa hoteli ya Muthangari, ambaye alikubali kutuona mara moja tu, siku ambayo mwenye hoteli angekuwepo kuchagua vyakula vipya. Sikukuambia kikao kile kilisema nini. Sikutaka uubebe mzigo ule pamoja na sanduku. Sasa nimekuambia.

Tuliingia jikoni kwao asubuhi, sanduku letu katikati ya mabakuli yao ya chuma yanayong'aa. Wapishi walikusanyika. Mwenye hoteli, yule mama mwenye miwani, alisimama mlangoni na simu mkononi. Ukafungua kifuniko.

Hakuna kilichotikisika. Kamba walikuwa wamelala safu kwa safu ndani ya makumbi, wameganda, hata sharubu haichezi. Kariuki alimnyanyua mmoja kwa vidole viwili, akamtikisa, akamrudisha.

"Mum, pole sana," akaniambia. "Hizi vitu zimededi."

Mwenye hoteli alikuwa ameshageuka kwenda zake. Niliiona Mtangani yote mbele yangu, moshi wa fito. Nikaanza kufunika sanduku. Wewe ukaushika mkono wangu.

"Usifunike," ukasema. Ukamgeukia Kariuki. "Chef, nipe beseni na maji ya chumvi. Ile tumekuja nayo kwa mtungi. Nipe dakika kadhaa tu."

"Dada, hata ukizipa wiki..."

"Nipe tu beseni."

Alikupa, labda kwa kukuhurumia. Ukamimina maji ya hori letu, ukawatia kamba mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayewalaza watoto. Walizama chini wakatulia. Tukatazama. Kijiko kilianguka mahali fulani, mtu akaguna. Mimi nilikuwa nasoma kila aya ninayoijua. Nilitaka kuuingiza mkono ndani ya maji, niwachokoe, niwageuze, niwaamshe kwa nguvu, na ulikuwa hunitazami lakini ukasema, "Mama, waache." Nikauweka mkono nyuma ya mgongo, nikaushika kwa ule mwingine.

Ndipo nikaona sharubu. Sharubu moja, nyembamba kama uzi, ikapinda.

"Imetingika," akasema yule kijana wa kuosha sufuria.

"Ni maji tu," akasema Kariuki, lakini alikuwa ameshainama.

Halafu mguu. Halafu miguu mingi midogo ikaanza kupiga kasia kwa pamoja. Mmoja akajinyoosha, akatembea chini ya beseni kama mtu aliyetoka usingizini anatafuta ndala. Na kabla hatujasema kitu, mkubwa wao mwenye milia akakunja mkia, pa! Akaruka nje ya beseni, akampiga Kariuki kifuani, akaangukia sakafuni, akaruka tena. Wapishi wakatawanyika. Mmoja akapanda juu ya meza. Wengine nao wakaanza kuruka, maji yakawa yanamwagika, Kariuki anakimbiza kamba jikoni kwake kwa kofia yake nyeupe huku anapiga kelele, "Shika hiyo! Shika hiyo! Inaenda kwa friji!"

Mwenye hoteli alirudi mbio kuona ni nini. Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akauliza swali moja tu: "Mnaweza kuleta wangapi?"

Nilimpigia Mwanakombo, nikaweka simu juu ya meza, sauti wazi. Nikamwambia, "Dada, wanaruka." Halafu nikamsikia akiwaambia waliokuwa naye, "Wanaruka! Nairobi wanaruka!" Na jiko lile lote la Muthangari likajaa vigelegele kutoka Mtangani, vikapanda na kushuka, haviishi.

Kariuki, amelowa, ameshika kamba kila mkono, akaniuliza, "Mum, kwani huko ni harusi?"

"Ni zaidi ya harusi," nikamjibu.

Baba yako, ambaye hufunga duka siku za Idi na za mazishi tu, alilifunga mchana ule. Tulikula hapa mezani ninapoandikia, vidole vinanuka pilipili na ndimu, na ulisinzia umekaa, kichwa begani mwangu. Sikusogea, hata bega lilipokufa ganzi.

Haya mengine unayajua, kwa kuwa ni kazi ya mikono yako. Fito zinakatwa tena Mtangani. Wanawake waliokuwa wamesahau kusuka wanafundishwa na mabinti zao waliokuwa hawajasahau. Hata baadhi ya wanaume wa nyavu wamemwendea Mwanakombo kuomba waonyeshwe namna ya kutengeneza mdomo wa dema, naye amewafanya waombe mara mbili kabla ya kukubali. Na juzi wakakaa kikao kingine, wakakuita wewe kwa jina.

Nilisikia yaliyosemwa hapa mtaani. "Amesoma mpaka Upper Hill, sasa anarudi kwenye tope?" Baba yako mwenyewe aliniuliza hivyo, si kwa ubaya, anakuogopea tu. Nilimwambia: mimi nilitoka Mtangani kwa kuwa niliolewa. Tima anakwenda Mtangani kwa kuwa ameitwa. Huko si kurudi. Akaenda dukani akakata kitambaa kigumu cha kukushonea suruali za topeni. Ziko chini ya begi. Hakutaka nikuambie ni yeye.

Watakucheka, mwanangu. Utasema "dema yangu," nao watasema "dema langu," na watoto watakuiga njia nzima. Cheka nao. Mimi nilicheka Nairobi huku ndani ninakunja uso, ikanichelewesha miaka. Utakosea mahali pa kutega, utapoteza dema, chambo kitaliwa na kaa. Siku hizo usinifiche, nipigie. Sitakuuliza kwa nini. Nitakuuliza umekula nini.

Na utakapopata uzito ule mkononi mara ya kwanza, dema likitikisika, usijizuie. Piga ukelele. Watu wa kule hawaoni haya kwa furaha. Wadogo na wenye mayai waachie warudi majini, hata kama mtu anakutazama na kukuona mjinga. Hori litajaa tena kwa ajili ya hao.

Mwanakombo amepiga simu alasiri, ulipokuwa unapanga nguo. Kila mwanamke wa kikundi ana boya lake juu ya maji, lenye rangi yake, ili ajulikane dema ni la nani. Wamekusukia madema yako, yamepangwa ukutani kwake, na boya lako limechongwa tayari. Waligombana asubuhi nzima kuhusu rangi. Mmoja anataka nyekundu, mwingine anasema nyekundu ni yake. Mwisho wakaniuliza mimi, mama yako, nichague.

Nimewaambia waliache jeupe, na makopo ya rangi yawe wazi ufukoni kesho jioni. Mwenyewe anakuja.

Nakupenda, nakuombea, na hapa Nairobi nangojea sanduku lako.

Mama yako,
Riziki